Mkeka Niliokataa Kuukalia

Wifi yangu alikuja kwenye upatanishi na mkeka kwapani. Sisi wengine tulikuja na hasira tu. Aliutandika sakafuni karibu na kiti cha kaka yake, akaniambia, "Mulamu," yaani wifi kwa Kiganda, "keti hapa."

Nilimwelewa vizuri. Mume wangu ni Muganda, na miaka yote ya ndoa nilipiga magoti kumsalimia yeye, wageni wake, hata marafiki zake wa baa waliopita kuazima chaja. Mimi ni Mkenya, nyumbani kwetu hatukulelewa hivyo, lakini nilipenda nikajifunza. Siku hiyo mapenzi yalikuwa yamekwisha na magoti yalikuwa yangu. Nikavuta kiti nikakaa.

Mpatanishi alikuwa mwanamke aliyekulia kambi ya polisi, wanakozungumza Kiswahili, kwa hiyo chake kimenyooka. Alikuwa ameshatuona mmoja mmoja, mimi kwanza, kisha mume wangu, ili kila mtu amwage yake bila mwenzake kusikia. Viti alivipanga mwenyewe, vyote vya aina moja. Akamwomba wifi aukunje mkeka, kwa heshima kabisa, akimwita nnyabo. Halafu akarudia aliyotuambia tangu mwanzo: hakuja kuamua nani mkosaji, wala hatanirudisha kwa mume, yatakayosemwa humo yatabaki humo, tukishindwa kuelewana, mahakama ipo. Wifi alikunja uso pamoja na mkeka. Yeye alidhani tumeitwa ili niombwe msamaha kidogo, nikaripiwe kidogo, kisha nirudi kupika.

Kilichokuwa mezani ni binti yangu. Wifi alitaka akaishi naye Kyebando. Yeye ndiye ssenga, shangazi ambaye kwa Waganda humfunza msichana adabu, na kwa maoni yake adabu haipatikani katika saluni yangu ya Kabalagala iliyopakana na baa. Alisema hayo akiwa ananitazama viatu. Niliumia, sifichi. Saluni hiyohiyo ilimlisha kaka yake alipokosa kazi, na wakati huo hakuna aliyeuliza imepakana na nini.

Mpatanishi alikuwa na sharti moja. Kabla hujamjibu mwenzako, useme kwanza alichosema yeye, mpaka akubali kwamba umemsikia. Nikaanza mimi.

"Mtoto anaishi na mimi Kisugu, na shule iko hapohapo. Jioni anasomea saluni kwa sababu mimi niko saluni. Akiota vibaya usiku, ananiita mimi. Wewe hujui hata anaogopa nini."

Mume wangu akaanza kujitetea. Mpatanishi akamsimamisha. Akaanza tena, safari hii na habari za ukaidi wangu, akasimamishwa tena. Wifi alipofungua mdomo amsaidie, mpatanishi aliinua kiganja tu. Mume wangu akatazama mlango, nikadhani atatoka nje. Mwishowe akasema, macho chini:

"Anasema mutoto iko na yeye, shule iko kalibu. Usiku mutoto naita yeye. Anasema mimi sijui mutoto naogopa nini." Akaniangalia. "Na ni kweli. Mimi sijui."

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, hilo sikujiandaa nalo. Sikulia; kilio changu sikutaka kiende Kyebando kikasimuliwe. Wifi akamfokea kwa Kiganda kwamba anagawa mtoto wa ukoo. Mume wangu akamjibu taratibu kwamba mtoto ni wa ukoo hata akilala Kisugu. Sikuwa nimewahi kumsikia akimjibu dada yake, na nilikasirika kwamba amengoja mpaka tunaachana.

Tukakubaliana: binti abaki na mimi, baba amchukue Jumamosi, na likizo ssenga amfunze ya kwao, mimi nikijua. Yakaandikwa, tukatia sahihi. Wifi akabeba mkeka wake akaondoka bila kuniaga.

Jumamosi ya kwanza mume wangu alikuja saluni. Nilimsalimia nimesimama, kitana mkononi, na wateja wangu wakajifanya wanatazama simu. Binti yangu akamtazama baba yake, akanitazama mimi, kisha akaninong'oneza kama apige magoti au asipige.

"Mpigie, ni baba yako," nikamwambia, kwa sauti ya kusikika na wote. "Aliyemaliza ni mimi."

Akapiga. Nikaendelea kusuka.