Kijitabu Kilichoichuna Ngozi

Mwanaidi ana duka la vitabu Uyole, karibu na pale yanaposimama magari ya Tukuyu. Watembeaji wa milimani, wale wa safari za siku nyingi, humpitia kumwuliza wasome nini kuhusu miamba, ndege na maua ya huko waendako. Hauzi kitabu asichokimaliza mwenyewe. Kwa tabia hiyo amepoteza wateja na kupata jina.

Jina hilo ndilo alilolikuta Jumamosi kwenye jalada la kijitabu kipya: "Kimependekezwa na Bi. Mwanaidi wa Uyole." Aliyekichapa ni Nasri, mdogo wa marehemu mumewe, na alikwishakipanga kwenye rafu.

Alikisoma akiwa amesimama, akaona kinyaa kama aliyeuma pera akakuta funza. Mawe mepesi ya volkano, yale wanawake wa Mbeya wanayosugulia visigino, eti yametobolewa na mchwa. Na Ziwa Ngozi eti limeitwa hivyo kwa kuwa wazee walitupa humo ngozi za ng'ombe.

"Shemeji, haya umeyatoa wapi?"

"Ngozi si ngozi? Kiswahili tumezaliwa nacho sisi."

"Wasafwa hawakungoja Kiswahili chako ndipo waite ziwa lao. Wenyewe wanasema kwa lugha yao maana yake ni 'kubwa'. Ungevuka barabara tu ukauliza."

"Mgeni atajuaje?"

Kabla hajamjibu, aliingia Isakwisa, kiongozi wa watembeaji, na kundi la vijana kutoka Dar. Akachukua kijitabu.

"Bi. Mwanaidi, hiki si umekisoma? Naona jina lako."

Nasri akamkonyeza shemejiye. "Ndugu ni ndugu," alinong'ona.

"Nimekisoma sasa hivi," alisema Mwanaidi. "Uongo mtupu. Jina nimebandikwa."

"Shemeji! Unanivua nguo mbele za watu?"

"Wewe umenichuna kabisa. Kumbe ngozi iliyotupwa ziwani ni yangu."

Vijana wakaangua kicheko. Isakwisa akakirudisha kijitabu kwa ncha za vidole.

"Basi tuchukue kipi, dada?"

"Kile cha miamba kimeisha. Leo sina."

Wakaondoka mikono mitupu. Nasri akakusanya vijitabu vyake ndani ya boksi, akiapa kwamba mama yake, mkwe wa Mwanaidi, atayasikia.

"Mpelekee na kimoja asome," alisema Mwanaidi. Akachovya kitambaa kwenye maji ya sabuni, akaanza kuisugua rafu.