Programu ya Mvua na Mashine Yenye Mbio

Krr, krr, krr. Ndivyo ilivyosaga disketi, kile kisahani chembamba cha kuhifadhia kazi, siku yangu ya kwanza katika ofisi ya utafiti wa mpunga hapa Kisangani. Nilidhani nimeharibu kitu. Nilikuwa msichana wa miaka miwili tu ya shule ya ukarani, na ndoto za kupiga chapa bila kutazama vidole.

"Usiogope, mutoto yangu," akasema Papa Directeur. "Ile iko inakohoa tu. Hata mimi niko nakohoa, na kazi inaendelea."

Alikuwa amekimbia vita kutoka kituo cha kilimo cha Yangambi. Alileta disketi zake ndani ya sufuria yenye mfuniko, zisilowe kwenye pirogi, mtumbwi wa mtoni. Humo mlikuwa na programu aliyoiandika mwenyewe. Kila ukiifungua inauliza: mvua ya jana ni kiasi gani? Ukijibu, inaongeza siku hiyo juu ya miaka yote iliyopita, kisha inakuambia kama wakati wa kupanda umefika. Haikubali kuruka siku. Siku isiyopimwa unaiandikia X.

"Usiandike zéro," alinifundisha. "Zéro ni kusema mvua haikunyesha. X ni kusema hakukuwa mutu wa kupima."

Bon, umeme wa mjini ukaiunguza kompyuta yetu. Mpya ikaja kwa ndege. Tukaiamsha kwa mfumo wa zamani, ule wa disketi, nayo ikakubali. Lakini programu ya mvua ilianguka palepale. Papa Directeur alinieleza: ikianza, programu hupima kwanza mbio za mashine, kama mtu anayepima mto kwa fimbo kabla ya kuvuka. Mashine hii ilikuwa na mbio mno, hesabu ikafurika chombo chake.

"Programme yangu ni muzee," akacheka. "Munamuingiza katika mashindano ya vijana, ataanguka tu."

Alijaribu kila asubuhi. Mvua aliendelea kuipima uani, akaandika tarakimu kwa chaki ukutani nyuma ya mlango, zisubiri. Hakutaka jingine ila kuliona lile swali tena kwenye kioo.

Halafu majeshi mawili ya wageni yakapigana katikati ya mji wetu. Tulijificha, kisha tukatawanyika. Papa Directeur alifuata njia ya Ubundu kwa miguu pamoja na jamaa zake. Homa ilimchukua huko, wakamzika huko.

Niliporudi, ukuta ulikuwa umesimama na chaki yake. Mashine tuliyoifunga kwa turubai chini ya meza ilikuwa nzima. Maneno yake kuhusu muzee na vijana yakanirudia. Nikaenda kwa muuza kompyuta mmoja, mtu wa Butembo, mwenye duka barabara yetu ileile.

"Papa, hakuna namna ya kuipunguzia mbio?"

"Mama, watu wote wananiomba mbio. Wewe peke yako unataka ikokote miguu?"

"Kuna muzee anataka kupita."

Akaacha kucheka, akaja. Alifungua ukurasa wa mipangilio unaotangulia mfumo kuamka, akazima ghala dogo ambamo mashine huweka vitu karibu na mkono wake. Bila ghala hilo inatembea, haikimbii. Krr, krr, krr. Swali likatokea. Alors, kumbe ni hivyo tu. Kiti cha Papa Directeur kilikuwa pale pembeni, kitupu.

Nilitumikia wakurugenzi wengine hadi pensheni, kila mmoja na mfumo wake mpya, na yote niliipenda. Kwenu vijana nina ombi moja. Kabla hamjatupa kazi ya mutu kwa kuwa haiwezi mbio zenu, jaribuni kwanza kutembea nayo polepole. Mimi hadi leo naumia kwamba duka lile lilikuwa karibu hivyo.

Muuzaji alipoondoka siku ile, nilibaki peke yangu. Nikaingiza tarakimu za chaki zote. Nikafika kwenye siku za mabomu. Mvua ilinyesha siku zile, niliisikia juu ya mabati. Nikaandika X, na X, na X, hadi swali likafika jana. Kisha nikatoka uani, nikakiokota majanini kipimo cha mvua cha Papa Directeur, nikakipangusa matope kwa kanga yangu, nikakisimamisha tena kwenye nguzo.