Gari la Watu Wawili

Mama mmoja wa Tanga, jina lake Sikujua, aliuza gari lake kubwa kwa hasira, na kwa hasira hiyohiyo akanunua dogo.

Kazi yake ilikuwa kuendesha. Siku za kazi alikuwa akipita nyumba kwa nyumba na basi dogo la kituo cha kulelea wazee huko Landover, Marekani, anawafunga mikanda, anakunja viti vyao vya magurudumu, jioni anawarudisha makwao. Hilo halikumchosha. Kilichomchosha ni wikendi. Watu wa Tanga kwao, wa Unguja, wa Mombasa, yeyote aliyewahi kula naye pilau harusini alikuwa na namba yake, maana alikuwa na gari la viti saba na hakujua kukataa. Mjomba wa fulani anatua uwanja wa ndege wa Dulles alfajiri. Masufuria ya shughuli yako Laurel, nani atayafuata? Mume alishafariki, watoto walishahamia Texas, basi kila mtu akaona muda wake hauna mwenyewe.

Kilichommaliza ni neno la Haitham, Mzanzibari mmoja aliyekuwa akimpeleka uwanja wa ndege kila anaposafiri. Siku hiyo alimngojesha nje ya nyumba mpaka miguu ikamfa ganzi, kisha akatoka na binamu zake wote na mabegi yao. Njiani akasema, kwa kumsifu kabisa, "Da Siku, wewe una raha. Huna pa kwenda."

Sikujua aliwafikisha, akarudi nyumbani Temple Hills, akaliosha gari, akalipiga picha, akalitangaza.

Alilonunua badala yake lilikuwa gari la Kiingereza la miaka ya sabini, la kijani, la wazi, lenye paa la turubai na viti viwili tu. Mwenyewe, mzee wa Kimarekani huko Laurel, alimwambia kwa upole kwamba halipendi mvua, halipendi baridi na halipendi foleni. Sikujua alicheka. Hakuuliza linapenda nini.

Mdogo wake, Anitha, alilizunguka pale uani akishika kiuno. "Dada, hili gari au kiatu?"

"Gari."

"Na sisi tutakaa wapi?"

"Ndiyo maana nimelinunua."

Na mwanzoni lilimpa alichotaka. Kuingia kulikuwa kama kukaa kwenye mkeka, miguu imenyooshwa mbele, lami iko karibu kiasi kwamba angetaka angeigusa. Usukani mwembamba, gia fupi inayoingia kwa mlio mdogo mtamu, dashibodi ya vioo vya duara, harufu ya petroli na ngozi kuukuu. Asubuhi ya kwanza alifunga mtandio chini ya kidevu, akashusha turubai, akaenda kazini akipita njia ndefu makusudi. Mwendo wa kawaida tu, lakini moyo ulimdunda kama wa msichana. Simu nayo ilinyamaza. Nani atampigia mtu mwenye kiti kimoja cha kutoa?

Kisha gari likaanza vituko vyake. Likimwaga mafuta, Sikujua anaweka bati chini. Kesho yake linavujia pembeni ya bati. Asubuhi za baridi alivuta choki ili injini iwake, akabembeleza, akatukana, akabembeleza tena. Indiketa, zile taa za kuonyeshea kona, ziliwaka zilipotaka. Turubai lilipitisha maji juu ya goti lake la kushoto, goti hilohilo kila siku, mpaka akawa anakunja taulo na kuliweka hapo kabla ya kuondoka. Siku moja lilizimika katikati ya makutano ya Branch Avenue, magari yakimpigia honi kila upande, wazee wakimngoja makwao wamevaa makoti.

Akampigia Haitham.

"Da Siku, ningekuja wallahi, lakini leo ndiyo siku yangu ya kupumzika."

"Ndiyo maana nimekupigia wewe."

"Si una watu wengi unaowajua? Jaribu na wengine."

Alijaribu na wengine. Mmoja alikuwa anaoga, mwingine hakupokea. Mwishowe alikuja Anitha kutoka kazini kwake, amekunja uso, akamfikisha kazini. Kituoni bosi alimwita pembeni na kumwonya.

Fahmi, fundi wa Mombasa aliyekuwa na karakana Landover, alilipandisha gari juu na kumwita. Alichomeka bisibisi kwenye sakafu chini ya kiti cha dereva. Ikapenya bila kusukumwa.

"Umeona, mama? Hapa hamna chuma, ni kutu imeshikwa na rangi. Siku moja utakaa njiani wewe, gari liende."

"Linatengenezeka?"

"Kila kitu hutengenezeka. Lakini hili si gari la kuendea kazini. Hili ni la kupenda tu."

"Mimi sikununua mapenzi, Fahmi. Nimenunua usafiri."

"Ulinunua mapenzi, mama," Fahmi akasema, akifuta mikono. "Waliokuuzia hawakukwambia tu."

Alitoka pale amefura. Alijikasirikia kuliko alivyolikasirikia gari. Angeweza kusema "siwezi" miaka yote ile, neno moja tu, bila kukaa chini ya turubai linalovuja. Akachukua gari dogo la kawaida la mtumba, la kijivu, la viti vitano, na watu walipoliona tu simu zikaanza upya. Haitham alikuwa wa kwanza: anasafiri Ijumaa.

"Siwezi," Sikujua akasema.

"Unafanya kazi?"

"Hapana. Siwezi."

Haitham akacheka kidogo kama aliyesikia mzaha, akakata. Tangu hapo hamsalimii vizuri kwenye shughuli, na jambo hilo bado linamuuma Sikujua kuliko anavyokubali.

La kijani hakuliuza. Fahmi alichomelea sakafu mpya, kazi iliyokula majira yote ya baridi, na aliporudishiwa, indiketa bado zilikuwa zimekufa. Mtu wa kwanza kuomba kupanda alikuwa Mama Euphrasia, bibi wa Bukoba, mmoja wa wazee wa kituoni. Hakuwa na pa kwenda. "Nataka kukaa humo tu, mwanangu, unizungushe."

Wakazunguka Jumapili, bibi ameshika kilemba kwa mikono miwili, anacheka kwa sauti kila gia inapobadilishwa. Injini ilikohoa kwenye mlima na Sikujua akasonya. Kwenye kona alitoa mkono wa kushoto nje, akaunyoosha kuonyesha anakata, kama alivyofundishwa shule ya udereva Tanga, ila kule ulikuwa mkono wa kulia. Dereva wa nyuma hakuelewa, akapiga honi kwa hasira.

"Anataka nini huyo?" Mama Euphrasia akauliza.

"Sijui," Sikujua akasema, akakata kona.