Taa Ambazo Hazikuwaka

Presha ya macho ilimla mama yangu jicho la kushoto kabla hatujajua jina lake. La kulia ndilo lililobaki, na ndilo analochagulia maharagwe pale kwetu Bumula. Kwa hiyo nilipoambiwa hospitalini Bungoma kwamba ugonjwa huo umeanza kunitafuna na mimi, na kwamba kuna utafiti wa dawa mpya ya matone, nilijiandikisha siku hiyohiyo. Ikifaulu kwetu sisi wa kujaribiwa, wagonjwa kama mama wangeipata.

Nikawa natia matone hayo kila siku, na natoka Kitale, ninakofundisha, kwenda kupimwa kama yanasaidia. Unaweka kidevu kwenye mashine, unatazama katikati, na kila ukiona kitaa kimewaka pembeni unabonyeza kifungo. Kazi ya mtoto wa chekechea. Lakini mimi ni mwalimu wa hesabu, na alama za wastani hunipa homa. Tena walikuwa wamenikaribisha kwa chai na mandazi mawili. Kwetu, mtu akikukirimu hivyo humrudishii habari mbaya. Basi taa ilipochelewa, nilibonyeza. Niliposhuku, nilibonyeza. Mwishowe nilikuwa nimeshika mdundo kabisa, kama mpiga ngoma wa kwaya, nikijipongeza kimoyomoyo.

Daktari wa utafiti, binti ambaye ningeweza kumfundisha darasa la saba, aliitazama karatasi ya majibu kwa muda. Nilisubiri sifa. Akanieleza kwamba mara nyingine mashine hunyamaza makusudi, haiwashi chochote, ili ijue kama mtu atabonyeza. Mimi nilikuwa nimebonyeza karibu kila mara. Niliona hata taa ambazo hazijaumbwa. Nikajitetea kwamba nilitaka tu kuwasaidia, kazi yao isiaibike.

Hakucheka. Habari za mama nilikuwa nimemsimulia mwenyewe, kwa madoido yote.

"Mwalimu," akasema polepole, "tukiandika hii dawa inafanya kazi na haifanyi, si ndiyo mama yako atawekewa kwa hiyo jicho moja imebaki?"

Niliona aibu hadi masikio yakawaka moto. Nikaomba kupimwa tena.

Safari hii nilibonyeza tu nilipoona. Upande wa kushoto nilisikia mashine ikisogeza taa yake, ikasogeza tena, na tena, wala sikuona kitu. Niliogopa sana. Kidole nilikiacha palepale, kimetulia.