Mstari wa Asiyekuwepo

Nilipomaliza chuo kikuu kule Bukavu, niliandika memwari, yaani tasnifu yangu, juu ya mtama wa kisiwa cha Idjwi. Nilizunguka vilima vya kisiwa nikiwauliza wanawake wanapanda aina gani, wanaihifadhi vipi, wameipata kwa nani. Walinipa majibu, wakanipa na pombe ya ndizi, na majibu yaliyofuata pombe niliyaandika kwa herufi kubwa zaidi. Leo naishi Dzaleka, kambi ya wakimbizi huku Malawi, nauza mayuniti ya simu mezani chini ya mwavuli. Nikisema mimi ni mtaalamu wa nafaka za kisiwa, wateja huniuliza kama nina chaja.

Kulikuwa na aina moja ambayo sikuipata. Wanawake waliieleza vizuri: punje nyeupe, maganda meusi, na suke lenye shingo iliyopinda kama mtu anayechungulia mlangoni. Katika memwari niliandika kwamba imepotea. Ni neno rahisi kuliandika ukiwa bado hujapoteza kitu.

Mwaka jana jamaa yetu mmoja alifika kambini kutoka kisiwani akiwa na kibuyu kidogo. Kilikuwa kimekaa miaka mingi juu ya jiko la nyumba ya mama yangu mdogo, kikila moshi. Nyumba ilipobomolewa, jamaa akakumbuka kumletea mwenyewe. Mama mdogo ni mshonaji, anaimba kwaya, na ana kiwanja kidogo nyuma ya nyumba yake hapa kambini, kando ya njia inayotoka barabarani.

Alimwaga kibuyu juu ya kitenge. Ukatoka mtama mwekundu wa pombe, kisha wa kahawia wa uji, na mwisho kabisa konzi moja ya punje nyeupe zenye maganda meusi. Nilinyoosha mkono kabla sijafikiri.

"Usiguse," alisema. "Hii nyeupe njo ya mutoto."

Mtoto ni mwanawe, binamu yangu, mwanaume mzima mwenye ndevu. Katika safari ya kuja huku, kwenye kituo kimoja cha mabasi Tanzania, alishuka kununua maji. Basi lilipiga honi, likangoja, likaondoka. Mama mdogo aliweka mkono juu ya kiti chake mpaka mpakani ili asikae mtu. Tangu hapo hatujapata habari yake, nzuri wala mbaya.

Upande wa mama yangu wana desturi moja. Sijui kama ni ya kisiwa kizima au ya ukoo wetu tu; memwari yangu haisemi, maana mwandishi wake hakuwa na akili ya kuuliza. Mtu wa nyumbani akiwa hayupo, hupandiwa mstari wake shambani kwa mbegu anayoipenda. Mstari huo hupaliliwa kama mingine, lakini hauguswi na kisu. Akirudi, anaukata mwenyewe. Ikija habari kwamba amekufa, unang'olewa na mizizi. Kabla ya hapo, unasimama.

Binamu yangu utotoni alipenda kutafuna mtama mweupe wa kukaanga. Basi mvua za kwanza zilipoanguka, majirani wakipanda mahindi ya mbegu waliyonunua mjini Mponela, konzi yote nyeupe ikaenda kwenye mstari wake.

Kwa elimu yangu, mbegu ya miaka mingi haioti vizuri, na mtama mwekundu ulitii elimu yangu: uliota kwa mapengo. Wa kahawia ulitokeza miche michache tu. Mstari wa binamu ulijaa kutoka mwanzo hadi mwisho. Nilitafuta sababu, nikaipata: maganda meusi, pengine, hulinda punje. Nilitembea kama profesa kwa wiki nzima.

Masuke yalipotoka yakapinda shingo, kama wanawake walivyonieleza. Hawakunieleza kwamba yangepinda yote upande mmoja, kuelekea njia. Jua lilikuwa upande mwingine, na upepo upande mwingine tena. Nikajiambia ni kivuli cha nyumba. Nilikwenda adhuhuri, wakati nyumba haina kivuli, nikasimama kati ya mabua nichunguze, na baada ya muda nikagundua kwamba nami nimegeuka kutazama yanakotazama. Njia ilikuwa tupu. Niliendelea kuitazama.

Kisha wakaja ndege. Kila mwanafunzi wa kilimo anajua kwamba ndege hupenda mtama mweupe. Mwekundu una uchungu, wanauacha mpaka njaa iwalazimishe. Hawa walikula mwekundu. Walimaliza na wa kahawia. Walijaa kwenye paa na kwenye kamba ya nguo, na hakuna aliyetua kwenye mstari mweupe. Nilikaa pale mchana kutwa, karibu niwaonyeshe ulipo.

"Banajua iko na mwenyewe," mama mdogo alisema, macho kwenye blauzi aliyokuwa akishona.

"Mama, hawa ni ndege tu."

"Njo nasema ndege banajua. Ni bwana agronomu njo hajui."

Punje zilianza kukauka. Mtama usipovunwa huziachia zianguke, na zikianguka, mchwa wa huku Dowa hawana desturi. Kwa kadiri nilivyojua, dunia nzima haikuwa na punje nyingine za aina ile. Lilongwe kuna hifadhi ya mbegu, chumba cha baridi ambamo mbegu za zamani hutunzwa. Nikamweleza mama mdogo, kisha nikamwambia tuukate mstari upesi.

Aliweka sindano chini. "Unataka mi nimuzike mwanangu na kisu ya jikoni."

Nilirudi kwenye mayuniti yangu.

Yeye ndiye aliyelirudia neno hilo, Jumapili moja tukitoka kanisani. "Ile chumba. Banazifanya nini mule?"

"Wanazikausha, wanazifunga, wanaziweka kwenye baridi."

"Zinakufa?"

"Hazifi. Lakini hazioti. Zinakaa tu hivyo, miaka mingi."

Tulipokaribia nyumba alisimama. "Hazikufe, hazimee," alisema. "Nipeleke nione."

Tuliomba ruhusa ya kutoka kambini, tukaenda. Mtunzaji wa hifadhi alikuwa mama wa Kimalawi aliyevaa koti zito katikati ya joto la Lilongwe. Alifungua mlango mnene, na mashine ikasikika ikiunguruma taratibu, kama mtu aliyelala. Rafu zilijaa vipakiti vya kung'aa, vyote sawa, vyote vimegeukia mlango. Mama mdogo aliingia na kitenge chake begani, pumzi yake ikawa moshi.

"Hawa bote banangoja?" aliniuliza kwa sauti ndogo.

Nilitaka kumweleza unyevu na nyuzijoto. "Ndiyo," nikasema.

Alipita kando ya rafu polepole, akiinamisha kichwa kidogo mbele ya kila moja, kama apitaye wodini. Mtunzaji aliniuliza anafanya nini. Nikasema, kwa aibu, kwamba anasalimia. Hakucheka. "Hata mimi husalimia asubuhi," alisema. "Nisiposalimia, siku yangu haiendi vizuri."

Nje, kwenye jua, mama mdogo alitoa uamuzi. "Tutazileta. Lakini hakuna kisu."

Tuliporudi kiwanjani, alizipukuchua kwa vidole, mabua yakiwa wima, punje zikidondoka kwenye beseni nililomshikia. Suke moja hakuligusa. Hilo ni la mwenyewe kukata. Zilipokauka vizuri alinikabidhi kifurushi nipeleke, kimeviringishwa ndani ya sweta la binamu.

"Mule iko baridi," alisema.

"Mbegu hazisikii baridi, mama."

"We uliziuliza?"

Mtunzaji alipokea mbegu, akanirudishia sweta kwa mikono miwili; sufu hubeba unyevu. Nilimrudishia mama mdogo nikiwa nimejiandaa kwa maneno makali. Alitoka nalo nje, akayavisha mabua.

Sasa ni kiangazi, na mstari bado umesimama, umevaa sweta. Juzi, mchana, nilikuwa narudi kutoka barabarani kwa kabaza, baiskeli ya kubeba abiria. Mwenye baiskeli alipunguza mwendo tulipokaribia kiwanja, akainua mkono. "Muli bwanji, bambo," alisalimia kwa Kichewa, akitazama sweta. Kisha akanigeukia. "Leo ana kiburi. Jana aliitika."

Nilimwambia asimame. Niliingia kiwanjani haraka, mtu wa umri wangu, nikilitafuta suke lile moja. Lilikuwepo. Halijakatwa, shingo imepinda kuelekea njia. Nilisimama mbele ya sweta nikihema, na sikujua ninachokisikia ni nafuu au ni kitu kingine.

Mama mdogo alikuwa mlangoni. Sijui alikuwa amesimama pale tangu lini.

"Ulizani amekuya?"

"Ndiyo, mama."

"Mi pia. Kila siku." Akasogea kunipisha. "Ingia. Nsima iko inapoa."