Kijiko Kilichogoma Asubuhi

Mafuta ya nazi yakishapita ndani ya mashine hupata harufu yake ya pekee, nusu ya jikoni, nusu ya gereji. Ukiyatia kwenye koroboi na kuwasha utambi, harufu hiyo hujaa chumba kizima na kuganda kwenye nguo. Niliinusa kwa miezi mingi utotoni. Juzi, nilipofungua tangi la trekta langu dogo la bustani ili nijue kwa nini halinyanyui kijiko chake, nilijikuta naitafuta kwa pua. Haikuwapo, lakini baba yangu alikuwa amekwisha kunijia.

Tuliishi Madale, enzi za vijiji vya ujamaa. Baba alikuwa dereva wa trekta la kijiji, trekta dogo lenye kijiko mbele, lililokuwa likipakia mawe ya msingi wa zahanati. Kijiko cha namna ile hakiinuliwi na injini peke yake. Huinuliwa na mafuta yanayosukumwa na pampu kupitia mipira mpaka kwenye mikono ya chuma. Siku moja mpira ulipasuka na mafuta yote yakamwagika mchangani. Mpira mwingine ulipatikana. Mafuta hayakupatikana, mjini kote.

Aliyetoa shauri alikuwa bibi yangu, mzaa mama. Kazi yake ilikuwa kukamua mafuta ya nazi, na aliwaambia akina mama wenzake kwamba mafuta ni mafuta. Wakaja na chupa zao, wengine hata zile za kupaka nywele, wakamimina mpaka tangi likajaa. Kijiko kikapanda. Mwenyekiti wa kijiji aliwataja mbele ya watu kuwa mfano wa kujitegemea, na bibi alitembea siku zile shingo ikiwa wima.

Tulikaa nyumbani kwake. Kwa desturi yetu sisi watu wa kusini, baba na mkwewe hawakuzungumza ana kwa ana. Walipishana kwa heshima, macho chini, na maneno yao yote yalipitia kwangu. "Mke mwenzangu," bibi aliniita hivyo, ingawa babu alizikwa kabla sijazaliwa, "mwambie baba yako uji uko tayari." Baba alikuwa amesimama palepale mlangoni. Nami niligeuka nikamwambia, naye akanituma nimshukuru bibi. Nilijiona mtu wa maana sana.

Kipupwe kilipoingia, kijiko kikagoma. Asubuhi pampu ililia kama mtu anayevuta uji mzito kwa mrija, na kijiko hakikutikisika. Vijana waliokuja kubeba mawe walikaa juu ya rundo wakimtania baba. "Mzee, bado limelala hilo? Lipelekee chai." Jua lilipokuwa kali kijiko kilipanda bila kuguswa na fundi, lakini nusu ya siku ilikuwa imekwisha kupotea. Baadaye utani ukakoma. Neno hujuma likaanza kusemwa, na enzi zile lilikuwa neno zito. Mtu aliweza kupelekwa nalo wilayani asirudi tena kwenye kazi yake.

Baba alilifungua trekta mbele ya watu, mchana, jua likiwa utosini. Alitazama kiasi cha mafuta, akasafisha chujio, akapapasa mipira kiungo kwa kiungo, akaitoa pampu, akaiweka juu ya gunia, akaifuta na kuirudisha. Hakuharakisha hata kidogo. Kila kitu kilikuwa kizima.

Mimi nilikuwa nimeona jambo. Kila asubuhi bibi alianika chupa yake ya mafuta ya nywele juani, kwa sababu usiku yaliganda yakawa meupe kama mshumaa. Nilimfuata baba nikamwuliza kama ya trekta nayo hayagandi. Aliacha kufuta mikono.

"Umemwambia bibi yako?"

Nikasema bado.

"Basi usimwambie. Wala mtu mwingine."

Nilidhani nimemuudhi.

Mkutano uliitwa asubuhi moja yenye wingu zito. Mwenyekiti alimtaka baba aeleze. Baba alivua kofia, akasema, "Dereva ni mimi. Kama kuna kosa, ni langu." Akakaa. Mimi niliyezoea kubeba maneno ya kila mtu nilikuwa nimeshika la pekee lenye faida, na nilikuwa nimekatazwa kulitoa.

Ndipo bibi aliposimama katikati ya akina mama. Sikuwa nimemwambia kitu. Macho alikuwa nayo. Alitoa chupa kwenye upindo wa kanga, akaifungua, akaigeuza juu chini mbele ya mwenyekiti. Halikudondoka hata tone.

"Haya ndiyo tuliyolitilia," alisema. "Na aliyewaambia wenzake ni mimi. Hujuma kama ipo, niandikeni mimi."

Kisha akamgeukia baba, akamtazama usoni. "Mwanangu, ulijua?"

Baba alitazama chini. "Nilijua, mama."

Mtu mmoja nyuma alianza kucheka, akaghairi.

Baba hakupelekwa popote. Mafuta yalitolewa na kugawiwa kila nyumba kwa ajili ya koroboi, na trekta likasimama mpaka mafuta yake yenyewe yalipoletwa. Nyumbani bibi alirudi kuniita mke mwenzake na kunituma kwa baba, kana kwamba siku ile haikuwahi kuwapo.

Mambo ya mashine nimejifunza ukubwani, kwa kusoma na kwa kufungua mwenyewe. Ubovu unaotokea asubuhi hutafutwa asubuhi, wakati upo. Baba alijua hilo kuliko mimi, lakini alifungua trekta mchana. Na sasa nakumbuka kwamba tangu asubuhi ya kwanza ya baridi, kila jioni aliliegesha trekta, tangi likitazama mashariki linakochomoza jua, akalifunika kwa magunia. Ubovu alikuwa ameshaupata. Siku ile aliyoweka pampu juu ya gunia mbele ya watu wote, alikuwa akiomba aupate mwingine.