Uji Moto

Ukimbeba mgonjwa kwenye vichochoro vya mtaa wetu wa Gatwekera halafu upige kelele "Mgonjwa! Mgonjwa!", umejiharibia mwenyewe. Watu hawakupishi, wanakuja kuona ni nani. Kwa hivyo sisi wa huduma ya kwanza, tuliowabeba watu kwa machela hadi barabarani, mahali ambulensi ilipoishia, tulipiga kelele "Uji moto!" Hapo kila mtu alijibana ukutani asije akaunguzwa.

Miaka hiyo ya tisini nilikuwa nimechoka mpaka kwenye mifupa. Mtu akibisha mlangoni nilikasirika kabla sijajua anaumwa nini. Niliwachukia wagonjwa, nikajichukia kwa kuwachukia. Vijana wa maigizo wa kanisani walipokuja na kamera ya kuazima, wakasema wanatengeneza filamu kuhusu mhudumu aliyechoshwa na kazi hii hadi akaitupa machela kwenye reli na kwenda zake, nilicheka sana. Nikakubali kuwa mhudumu huyo. Sikuwaambia kwamba nikishaitupa, siiokoti tena.

Tulienda upande wa Laini Saba, reli inapopita. Mwelekezaji, kijana aliyegeuza kofia nyuma mbele, alimlaza mwenzake kwenye machela na kumpaka tomato sosi kichwani.

"Auntie, ukifika kwa reli unarusha tu, unaishia," akaniambia. "Na usicheke!"

Tulikuwa tumeikaribia reli mwanamume mmoja alipotujia mbio. Mkewe alikuwa amejifungulia nyumbani, na damu ilikataa kukoma.

"Toka hapo wewe, huna kitu!" nikamwambia yule wa sosi, nikaiinamisha machela mpaka akabingirika.

Tulimkuta mama yule midomo imekauka, mtoto analia vizuri. Nilimsugua tumbo kama nilivyofundishwa, nikamfunika, nikamwekea mwanawe kifuani. Waigizaji wakashika machela. Wajinga hao wakaanza: "Mgonjwa! Mgonjwa!" Kufumba na kufumbua, kichochoro kikajaa watu.

"Nyamazeni!" nikafoka. Kisha nikavuta pumzi yote niliyokuwa nayo. "Uji moto! Uji mooto!"

Njia ikafunguka. Mwelekezaji naye akadakia, hata baba mtoto akadakia huku analia, tukashuka mbio hadi barabarani. Ambulensi ilipoondoka naye akiwa hai, niligundua kwamba machela bado nimeikumbatia. Nilijisikia mkubwa kuliko mtaa mzima.

Nilikataa kurudia ile sehemu ya kuitupa. Wakamtafuta dada mwingine.

Filamu ilionyeshwa kanisani, na watu walijaa hadi madirishani. Dada yule alipoinua machela aitupe, mtu wa nyuma akapaaza sauti: "Uji moto!" Ukumbi mzima ukaitikia, tukapiga kelele mpaka filamu haikusikika tena. Mwelekezaji alijishika kichwa. Mimi nilisimama juu ya benchi nikilia bila aibu.

Ndipo mama yule tuliyembeba, aliyekaa mbele kabisa, akasimama na kumwinua mwanawe juu kwa mikono miwili.

"Uji wenyewe ndio huyu!" akasema.